Jarida linapomwomba mwandishi pesa: lipi ni msaada, lipi ni kununua nafasi

Kila baada ya muda ujumbe wa namna hii huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya waandishi wa Unguja na Pemba: jarida fulani la fasihi linatayarisha toleo jipya, linakaribisha mashairi na hadithi fupi, na chini kabisa linaomba mchango. Majibu huja mbio. Mmoja atasema huo ni utapeli, mwandishi ndiye anayestahili kulipwa. Mwengine atasema alituma elfu kumi na shairi lake halikutoka, sasa anataka chake. Wa tatu anauliza, kwani hilo jarida halina wafadhili? Na yupo anayetuma kimya kimya bila kuuliza pesa inakwenda wapi.

Kila mmoja hapo anazungumzia malipo ya aina yake, na ubishi hautaisha mpaka malipo hayo yatenganishwe. Naandika haya kwa sababu majarida madogo ya fasihi hufa mapema mno, na naamini sehemu kubwa ya dawa iko mikononi mwa waandishi wenyewe, wale wale wanaotaka kuchapishwa humo.

Tunazungumzia nini hasa

Jarida dogo la fasihi ni chapisho linalotoka mara mbili, tatu au nne kwa mwaka, likibeba mashairi, hadithi fupi, insha na tahakiki. Huendeshwa na watu wachache, aghalabu bila mshahara, na nakala zake huhesabika kwa mamia. Si gazeti, maana halikimbizani na habari. Wala si jarida la kitaaluma la chuo kikuu, ambalo mhadhiri huhitaji kuandikia ili apandishwe cheo. Kuchanganya haya mawili kumewaponza wengi: baadhi ya majarida ya kitaaluma humtoza mwandishi ada ya kuchapisha makala, na wapo matapeli wanaoishi kwa ada hizo. Mtu aliyeungua huko, akiona jarida la mashairi linataja pesa, hukimbia. Namwelewa, lakini hapa hesabu ni nyengine.

Pesa zinazotoka mfukoni kwa mwandishi kwenda kwa jarida la fasihi ni za aina nne. Ya kwanza ni usajili: unalipia matoleo ya mwaka kabla hayajatoka, na unaletewa nakala zikitoka. Ya pili ni mchango wa hiari: unatoa kwa sababu unataka jarida liishi, bila ya kudai kitu. Ya tatu ni ada ya kuwasilisha kazi, ambayo unalipa ili hadithi yako isomwe na mhariri, ikubaliwe au ikataliwe. Marekani majarida mengi hutoza dola 3 hivi kwa kazi moja inayotumwa kwa mtandao. Ya nne ni malipo ya kuchapishwa: lipa, shairi litoke.

Tatu za mwanzo zinaweza kuwa halali, ingawa ada ya kuwasilisha mimi siipendi, kwa sababu inamfungia mlango kijana wa Micheweni ambaye hana hata hizo dola tatu. Ya nne ndiyo inayoua jarida. Mhariri akishapokea pesa ya mshairi ili amtoe, hawezi tena kumwambia kwamba ubeti wa tatu umepwaya. Baada ya matoleo mawili wasomaji wananusa, na jarida linabaki kusomwa na waliolipia kuwamo.

Usajili ndio unaohitaji kufafanuliwa zaidi, kwa kuwa ndio unaobeba mzigo na ndio usioeleweka. Fikiria upatu, au mchezo kama wengi wetu tunavyouita. Kila mwanachama anampa kijumbe fungu lake, na kabla zamu yako haijafika pesa yako imeshamsaidia mwenzako kununua kabati. Usajili unafanana na mchezo kwa jambo hilo moja: unatoa mbele, pesa nyingi zinakusanyika pahala pamoja kwa wakati mmoja, nawe unapokea baadaye. Tofauti iko kwenye unachopokea. Mwanachama wa mchezo hurudishiwa pesa ile ile aliyotoa. Msajiliwa wa jarida hupokea nakala, basi. Hapokei ukurasa. Yule ndugu aliyetuma elfu kumi akakuta shairi lake halimo, kama alituma kwa usajili, haki yake ni nakala na si nafasi. Na kama mhariri alimwahidi nafasi, kosa ni la mhariri.

Kwa nini pesa ya mbele ni muhimu kiasi hicho

Tufanye hesabu ya mfano. Tarakimu hizi nimezichagua kwa urahisi wa kuhesabu tu, kila kiwanda cha uchapaji kina bei zake. Tuseme toleo lina kurasa 48. Kupanga kurasa, kuchora jalada na kutengeneza pleti za mashine ni shilingi 600,000, na pesa hiyo utaitoa hata ukichapa nakala moja. Juu yake, kila nakala inakula karatasi, wino na pini za shilingi 2,000.

Ukichapa nakala 100, jumla ni 800,000, yaani kila nakala imekugharimu 8,000. Ukichapa 300, jumla ni 1,200,000, na nakala moja inashuka hadi 4,000. Ukichapa 600, inashuka hadi 3,000. Hapa ndipo mhariri anapopata kishawishi cha kuchapa nyingi ili bei ishuke, halafu maboksi yanakaa chini ya kitanda chake yakiliwa na mchwa.

Sasa shika zile 300, uziuze kwa 5,000. Ukiziuza mkono kwa mkono, ukishauza 240 umerudisha gharama. Lakini nyingi utazipeleka madukani, na mwenye duka naye anataka chake. Tuseme anachukua 1,000 kwa kila nakala. Jarida linabaki na 4,000, ambayo ni sawasawa na gharama. Maana yake uuze zote 300, hata moja isilowe na mvua, isiazimwe ikapotea, asipewe mshairi nakala ya bure, ndipo usipate hasara. Na faida ni sifuri.

Kisha waweke waandishi na wasomaji 120 waliolipa 5,000 kabla ya uchapaji. Hiyo ni 600,000. Ile gharama ya mwanzo yote imelipwa kabla mashine haijawashwa, na mhariri anakwenda kwa mchapaji akiwa na pesa taslimu badala ya ahadi. Zimebaki nakala 180 na deni la 600,000. Hata zikienda zote madukani, akiuza 150 ameshamaliza deni, na zilizobaki ndizo za kuwapa waandishi na kuanzia toleo linalofuata. Watu 120 tu. Kuna makundi ya ushairi ya WhatsApp yenye wanachama wengi kuliko hao.

Mtu akiniuliza mwandishi afanye nini kulisaidia jarida wakati wa dhiki, jibu langu la kwanza ni hilo, naye alifanye mapema. Elfu tano inayofika kabla ya uchapaji ina kazi kubwa kuliko elfu kumi inayofika jarida likiwa limeshashindwa kulipa.

Dhiki inapiga wapi kwanza

Bei ya mchele na mafuta ya kula ikipanda, hakuna anayeuliza jarida la mashairi liko wapi. Hilo halina lawama. Lakini jarida lina majeraha yake mengine. Karatasi nyingi ya uchapaji huagizwa nje na kulipiwa kwa dola, kwa hiyo shilingi ikiteleza, bei ya mchapaji inapanda hata kama hapa nyumbani hakuna kilichobadilika. Watangazaji nao ndio wa mwanzo kukimbia. Visiwani tangazo la kulipwa mara nyingi linahusiana na utalii, na mwaka 2020, ndege zilipoacha kuleta wageni, tuliona jinsi sekta hiyo inavyoweza kusimama ghafla pamoja na kila kilichoegemea juu yake.

Halafu kuna bahari. Nakala zikichapwa Dar es Salaam zinavuka hadi bandari ya Malindi, Unguja, zinapakiwa tena kwenye meli hadi Mkoani, kisha zinapanda gari kwenda Chake Chake na Wete. Nakala ya Wete inamgharimu mhariri zaidi kuliko ya Darajani, na bei iliyoandikwa kwenye jalada ni moja. Ndiyo maana majarida mengi hayafiki Pemba, kisha watu husema Pemba hawasomi. Mwandishi anayesafiri akikubali kuchukua furushi la nakala ishirini kwenye begi lake na kuzikabidhi kwa mwalimu mmoja pale Chake, ameliokolea jarida nauli na amelipatia wasomaji kwa siku moja.

Kwa Pemba kuna jambo jengine ambalo wahariri wa mjini husahau. Pesa huko hutembea msimu wa karafuu. Jarida linaloomba usajili Januari, skuli zinapofunguliwa na mzazi anatafuta sare na madaftari, linajinyima lenyewe. Liombe watu wakishauza karafuu zao, na liombe usajili wa mwaka mzima kwa mara moja.

Nani alilipia zamani?

Visiwa hivi havikuanza jana kuwa na majarida. Msimulizi lilikuwa likichapwa Kiungani, Unguja, kuanzia 1888, na wanafunzi na walimu wa Kiafrika wakiliandikia. Lilikuwa la misheni ya Kianglikana ya UMCA. Katika miaka ya 1920 palikuwa na Mazungumzo ya Walimu wa Unguja, la Idara ya Elimu. Ng'ambo ya bahari, Dar es Salaam, serikali ya Tanganyika ilianzisha Mambo Leo 1923, na mashairi ya Shaaban Robert yalitoka humo. Muhammed Said Abdulla, mwandishi wetu wa hadithi za upelelezi aliyeshinda shindano la East African Literature Bureau la 1957–58, alikuwa mtu wa magazeti na mhariri wa jarida la Mkulima.

Tazama walipaji: misheni, idara, serikali. Mshairi alituma shairi, likachapwa, na hakuwahi kuulizwa karatasi imenunuliwa na nani. Mazoea hayo tumeyarithi. Tunaliona jarida kama bomba la mtaa ambalo serikali imeweka, na likikauka tunalalamika. Lakini mlipaji wa namna ile huwa na lake la kulinda, na siku akibadilisha nia jarida linaondoka naye.

Transition ni mfano mzito. Rajat Neogy alilianzisha Kampala 1961 na likawa miongoni mwa majarida yenye heshima kubwa Afrika. Sehemu ya pesa zake zilipitia shirika la utamaduni liitwalo Congress for Cultural Freedom, na miaka michache baadaye ikajulikana hadharani kwamba nyuma ya shirika hilo ilikuwa CIA, idara ya ujasusi ya Marekani. Waandishi wengi waliokuwa humo hawakulijua hilo. Mwaka 1968 serikali ya Obote, rais wa Uganda, ikamweka Neogy kizuizini kwa yaliyochapishwa jaridani, na Transition likalazimika kuhama, likaenda kutolewa Ghana. Funzo ninaloliona mimi ni jepesi kulisema: jarida lenye mlipaji mmoja mkubwa lina shingo moja.

Nairobi, Binyavanga Wainaina alishinda Tuzo ya Caine, ya hadithi fupi za Waafrika, 2002, na mwaka uliofuata toleo la kwanza la jarida la Kwani? likawa mikononi mwa wasomaji. Hadithi ya Yvonne Adhiambo Owuor iliyotoka humo ikashinda tuzo hiyo hiyo 2003. Wale waliokuwa wakiandika bila pahala pa kuchapishwa wakapata nyumba. Lakini Kwani? nalo liliegemea ruzuku, ya Ford Foundation hasa, na ruzuku zina mwisho. Matajiri pia hawana kinga: baada ya msukosuko wa fedha wa 2008, Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kiliamua kuacha kuchapa jarida lake la fasihi, TriQuarterly, lililokuwapo tangu 1958, likawa la mtandaoni chini ya wanafunzi.

Ninaloona linafaa kuigwa ni la Harriet Monroe, Chicago, 1912. Kabla ya kutoa toleo la kwanza la jarida la Poetry, alipita kwa watu mia moja hivi wa mji wake, akaomba kila mmoja aahidi dola 50 kwa mwaka, kwa miaka 5. Mtu mmoja akijitoa, tisini na tisa wamebaki. Akaweza kuwalipa washairi wake, na jarida lipo hadi leo. Sisi hatuna dola 50 za Chicago, lakini ahadi ndogo ya watu wengi kwa muda unaojulikana inawezekana Mkunazini na inawezekana Konde.

Msaada usiokuwa pesa

Asiyekuwa nacho bado ana la kufanya, na mara nyengine kazi yake inapita pesa. Chukua ushairi. Mshairi ameandika mshororo huu:

Karafuu zimeiva, mwenye shamba yuko wapi

Mizani kumi na sita, nane kwa nane, kina cha kati "va", cha mwisho "pi". Ukiupeleka kwenye safu nyembamba ya gazeti, mpangaji kurasa asiyejua ushairi ataukata baada ya "mwenye", na "shamba yuko wapi" itashuka chini kama mshororo wa pili. Ubeti wa mishororo minne unakuwa na minane, kina cha kati kinapotea katikati ya mstari, na msomaji anadhani mshairi hajui kazi yake. Kwenye simu hali ni hiyo hiyo. Jarida la fasihi lipo kwa ajili ya kuzuia jambo kama hilo, lakini linahitaji mtu wa kukaa na prufu, yaani kurasa za majaribio, na kuhesabu silabi mshororo kwa mshororo. Mshairi anayejitolea jioni mbili kwa kazi hiyo amelisaidia jarida kama aliyelipia karatasi.

Vivyo hivyo mwalimu anayesoma hadithi moja ya jarida mbele ya darasa lake la Kiswahili, kisha akaishawishi skuli inunue nakala kwa maktaba. Vivyo hivyo mwandishi ambaye diwani yake ikitoka anaandika mwanzoni kwamba shairi fulani lilitokea kwanza katika jarida fulani. Na aliyetuma hadithi kwa majarida mawili, likakubali moja, akaliarifu la pili siku hiyo hiyo, amemwokolea mhariri asiyelipwa saa za kazi. Kinyume chake ni kupiga picha kurasa zote na kuzimwaga kwenye kundi la watu mia mbili. Huko watu huita kueneza fasihi, nami naona ni kumnyang'anya mhariri wasajiliwa wa toleo lijalo.

Yanayosemwa sana

"Watoe mtandaoni, mtandao ni bure." Karatasi itaondoka, kweli. Lakini anwani ya tovuti hulipiwa kila mwaka, pahala pa kuhifadhia kurasa hulipiwa, na uhariri unabaki na uzito ule ule. Malipo yakikosekana mwaka mmoja tovuti inafungwa, na mashairi yote yanapotea kwa pamoja. Nakala ya karatasi iliyoko Makunduchi haiulizi kama jarida bado lina pesa. Mtandao naukubali kabisa, ila nao unataka walipaji.

"Jarida lisilolipa waandishi ni wezi." Jarida linalopata faida na halimlipi mwandishi linastahili lawama hiyo. Lile ambalo hata mhariri wake halipwi, na hesabu zake zinaonekana, linampa mwandishi nakala zake na kazi iliyohaririwa vizuri. Muhimu ni liseme mapema, na likipata nafuu lianze kulipa, hata kidogo.

"Wakichapisha hadithi yangu imekuwa yao." La. Kawaida jarida hupewa ruhusa ya kuichapisha kwa mara ya kwanza, na hakimiliki inabaki kwako. Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki ya 2003 na ofisi yake, COSOZA. Jarida likikuletea karatasi inayosema unakabidhi haki zote milele, usitie saini kabla ya kuuliza.

Kabla ya kutuma hata shilingi

Uliza pesa hiyo ni ya usajili, ni mchango au ni ada, na upate jibu kwa maandishi. Uliza inaingia akaunti ya jarida au simu ya mtu binafsi. Uliza toleo lililopita liligharimu kiasi gani, zilichapwa nakala ngapi na zimebaki ngapi; mhariri muaminifu hujibu hayo bila kukasirika, maana ndiyo yanayomkosesha usingizi. Uliza kama jarida lenyewe limesajiliwa kisheria, kwa kuwa Zanzibar ina sheria ya magazeti na vitabu tangu 1988, na toleo la karatasi linaweza kuzuiwa kwa uzembe wa makaratasi tu. Na uliza swali ambalo wengi huona haya kuliuliza: mkishindwa kuendelea, pesa za wasajiliwa zitakwenda wapi? Jibu zuri ni kurudisha, au kuwahamishia wasajiliwa kwenye jarida jengine kwa ridhaa yao, na kupeleka seti kamili ya matoleo Nyaraka za Taifa pale Kilimani. Mhariri aliyeyatangaza hayo kabla ya kupokea senti ya kwanza, mimi namtumia usajili wa mwaka mzima, hata kama shairi langu amelikataa.